Ukanda mdogo, usalama mkubwa: jinsi ya kuongeza ukanda wa kuzuia kwenye ala ya panga



Katika toleo hili tunaandika juu ya jambo linaloonekana dogo sana: kipande cha ngozi chenye urefu usiofika rula moja, na kifungo kimoja. Kipande hicho kinashonwa kwenye ala ya panga ili panga lisichomoke lenyewe. Tunaliandika kwa sababu mbili. Kwanza, ni ufundi ambao kikundi chochote cha ngozi kinaweza kuufanya kwa siku moja. Pili, sisi wenyewe tulichelewa kuufanya, na mtoto akaumia.

Jinsi tulivyojifunza

Kikundi chetu cha ufundi wa ngozi kilicho katika parokia moja ya nyanda za juu mkoani Njombe kilianza kutengeneza ala za mapanga kwa ajili ya watu wanaofyeka mashamba ya miti na ya chai. Kabla ya hapo wengi walibeba panga likiwa wazi begani, au wakalifunga kwa kipande cha mfuko wa salfeti. Ala zetu zilipokelewa vizuri. Zilikuwa nene, mshono wake ulikuwa imara, na zilikaa vyema kwenye mkanda wa suruali. Tuliziona kuwa ni kazi iliyokamilika, na katika taarifa zetu tuliziandika hivyo.

Mwezi Machi 2024, wakati wa mvua, baba mmoja alikuwa akirudi kutoka shambani kwa baiskeli. Panga lake lilikuwa ndani ya ala yetu, na ala ameifunga nyuma kwenye kereja. Ala ilikuwa imelowa tangu asubuhi. Kwenye mteremko wenye makorongo, baiskeli ikaruka, panga likachomoka na kuanguka. Mtoto wake aliyekuwa akishuka kwa miguu nyuma yake alilikanyaga upande wa makali. Tunamshukuru Mungu kwamba jeraha lilipona, ingawa mtoto alikaa nyumbani kwa majuma kadhaa bila kwenda shule, na kovu litabaki.

Baba yule hakuja kulalamika. Aliileta ala kwenye kamati ya parokia, akaiweka mezani, akauliza kama inaweza kurekebishwa. Tulipoichunguza hatukukuta mshono uliofumuka wala ngozi iliyopasuka. Ala ilikuwa nzima. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hapakuwa na kitu chochote cha kulishika panga lisitoke.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Yule wetu hakulilia kitu. Alikuwa akitembea nyuma ya baba yake tu.

Ala hulishika panga kwa njia gani?

Kabla ya kuchukua kisu na kuanza kukata ngozi, ni vema kuelewa kazi yenyewe. Ala ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuyafunika makali, na hii kila fundi anaijua. Ya pili ni kukishika chombo kisitoke mpaka mwenyewe aamue kukitoa. Kazi hii ya pili hufanyika kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kubana. Sime ya Wamasai ni mfano mzuri. Ala yake hutengenezwa kwa ngozi juu ya vipande vya mti, nyingi zikipakwa rangi nyekundu, na huundwa kwa kufuata sime ile ile moja. Ngozi mbichi ikikauka hubana, na sime haitoki bila kuvutwa. Lakini ala hiyo ni ya sime ile tu.

Njia ya pili ni umbo. Khanjari ya Oman, ile inayoonekana kwenye bendera ya nchi hiyo, ina ala iliyopinda. Mwenyewe huivaa mbele kiunoni, mdomo wa ala ukitazama juu, na mkunjo wa ala unasaidia kuzuia. Panga letu la kufyekea ni pana na limenyooka, hivyo njia hii haitufai.

Njia ya tatu ni ukanda. Tazameni mkoba wa ngozi wa bastola ya askari, hasa ile bastola ya zamani yenye silinda inayozunguka. Mdomo wa mkoba haukibani chombo sana, kwa sababu askari lazima aweze kukitoa. Badala yake kuna ukanda mwembamba unaopita juu, nyuma ya nyundo ya bastola, na kufungwa kwa kifungo cha kubonyeza. Askari anaweza kukimbia, kuruka mtaro au kupanda gari, na chombo kitabaki mahali pake. Akikihitaji, anafungua kwa kidole gumba.

Ufundi huo ndio tuliouazima. Mapanga ya dukani hayalingani, moja ni pana na jingine jembamba, na ngozi ikilowa hulegea. Kwa hiyo hatuwezi kutegemea kubana peke yake.

Mahali ambapo ukanda unashika

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea, kwa hiyo tunaomba msomaji aende nasi taratibu.

Liweke panga ndani ya ala, mpini ukiwa juu. Mahali ambapo mpini unakutana na bapa, bapa ni pana kuliko mpini. Sehemu hiyo iliyotokeza tunaiita bega la panga. Ukanda ukiuzunguka mpini juu kidogo ya bega, panga likitaka kupanda bega litagonga ukanda na kusimama. Ukanda ukiwekwa juu sana, katikati ya mpini, panga litapanda kwanza sentimeta kadhaa kabla ya kuzuiwa, na makali yatachungulia nje. Ukiwekwa chini, juu ya bapa lenyewe, makali yatakata ngozi siku ya kwanza.

Kanuni yetu ni hii: bapa lote liwe ndani ya ala, na ukanda upite sentimeta 1 hivi juu ya bega.

Kisha kagua bega lenyewe. Mapanga mengi hutoka kiwandani yakiwa butu kwa sentimeta chache karibu na mpini. Lakini wenyewe hunoa kwa tupa mpaka mwisho, na bega likawa kali. Bega kali litaukata ukanda. Chukua tupa, ulifanye bega liwe butu kwa sentimeta 2 au 3. Sehemu hiyo haifyeki kitu, na mwenye panga hatapoteza chochote.

Vifaa vinavyohitajika

1. Ngozi yenye unene wa milimita 2 hadi 2.5 kwa ukanda, na ya milimita 3 kwa ulimi wa nyuma kama ala haina.
2. Kifungo kimoja cha chuma cha kubonyeza, cha ukubwa unaotumika kwenye mikoba na makoti mazito, pamoja na kipigio chake.
3. Kisu kikali, rula, na kalamu ya risasi.
4. Kitoboleo cha matundu ya duara, na sindano ya fundi viatu ya kutobolea.
5. Sindano mbili butu na uzi mzito uliopakwa nta ya nyuki.
6. Nyundo, kipande cha gogo cha kugongea, na msasa.

Kuhusu ngozi, tunasisitiza iwe ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, siyo ile ya kemikali ya kromu. Ngozi ya kromu ni laini na nzuri kwa viatu, lakini huvutika na haishiki umbo. Ili kuzitofautisha, tazama mahali ilipokatwa: ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu au buluu kwa ndani, na ya magome ina rangi ya kahawia mpaka katikati. Pia dondoshea tone la maji. Ya magome hunywa maji na kubadilika rangi upesi. Kwa sisi wa Njombe hili ni jambo la nyumbani. Miti ya miwati, ambayo asili yake ni Australia, imepandwa hapa kwa miongo mingi kwa ajili ya magome yake yanayotumika kutengenezea ngozi.

Hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza: kagua ala. Angalia kama ala ina kitanzi cha mkanda kinachopanda juu ya mdomo kwa upande wa nyuma. Kama kipo, una bahati, kwa kuwa ukanda utapita hapo na huhitaji kufumua kitu. Kama hakipo, kata ulimi wa ngozi wenye upana wa sentimeta 6, unaopanda sentimeta 5 juu ya mdomo. Ili uushone vizuri, fumua mshono wa ala kwa sentimeta chache kutoka juu, upate nafasi ya kupitisha mkono, ushone ulimi kwenye bapa la nyuma la ala, kisha uurudishie mshono wa pembeni.

Wengine hutumia ribiti badala ya uzi kwa sababu ni haraka. Hatuwakatazi, lakini kichwa cha ribiti kikiwa ndani ya ala hugusa panga kila linapoingia na kutoka, na huyaharibu makali. Ukilazimika, iweke mbali na njia ya makali na uifunike kwa kipande chembamba cha ngozi.

Hatua ya pili: pima kwa panga lenyewe. Usikisie. Zungusha kamba kwenye mpini pamoja na ulimi wa nyuma, mahali ukanda utakapopita. Juu ya kipimo hicho ongeza sentimeta 3 za kupandiana kwenye kifungo, na sentimeta 1.5 za kushika kwa kidole. Kanda nyingi tulizokata zilikuwa kati ya sentimeta 18 na 20, lakini mapanga hayalingani. Kata zaidi kidogo, utapunguza baadaye.

Hatua ya tatu: kata ukanda. Upana uwe sentimeta 2.5. Kata kufuata mgongo wa mnyama, siyo tumbo, kwa kuwa ngozi ya tumbo huvutika. Mviringishe ncha zote mbili, kisha piga msasa pembeni. Lowesha pembe kwa maji kidogo na uzisugue kwa kijiti laini mpaka zing'ae. Hii siyo urembo tu. Pembe iliyosuguliwa hainywi maji haraka na haianzi kuchanika.

Hatua ya nne: kata mipasuo miwili kwenye ulimi. Mipasuo isimame wima, kila mmoja uwe na urefu sawa na upana wa ukanda, na katikati yake pawe na nafasi sawa na upana wa mpini, kama sentimeta 3.5. Ipange kwa kufuata mpini ulipo, siyo katikati ya ala, kwa maana mpini wa panga mara nyingi hauko katikati ya bapa. Kabla ya kukata, toboa tundu dogo la duara kwenye kila mwisho wa mpasuo, kisha unganisha matundu hayo kwa kisu. Mpasuo usio na tundu mwishoni huendelea kuchanika kila siku, kidogo kidogo. Kama ulimi ni kitanzi cha mkanda chenye matabaka mawili, kata tabaka la mbele tu, lile linalogusa mpini.

Hatua ya tano: pitisha ukanda. Uingize kwenye mpasuo mmoja, upite nyuma ya ulimi, utokee kwenye mpasuo wa pili. Sasa una mikono miwili inayokuja mbele kuukumbatia mpini. Mkono wa juu, wenye kofia ya kifungo, uwe upande ambao kidole gumba cha mwenye panga kitaufikia kwa urahisi. Mwulize anatumia mkono gani. Kisha funga ukanda kwa mishono mitatu au minne kwenye ulimi, usiteleze. Ukanda ukichakaa, mishono hiyo hufumuliwa na ukanda mpya hupitishwa bila kuigusa ala.

Hatua ya sita: weka kifungo. Liweke panga ndani, vuta mikono miwili ya ukanda ikaze kabisa, uweke alama mahali inapopandiana. Kisha sogeza alama milimita 2 zaidi upande wa kukaza. Ukanda mpya unapaswa kufungika kwa shida kidogo, kwa sababu ngozi italegea. Ukianza ukiwa raha, baada ya mwezi utakuwa haushiki. Toboa tundu linalotosha shina la kifungo tu, siyo kubwa zaidi. Weka juu ya gogo gumu, gonga kwa kipigio mara mbili au tatu kwa nguvu ya wastani. Shina likipinda, litoe na uweke jingine. Kifungo kilichopinda kitafunguka siku usiyoitegemea.

Hatua ya saba: fundisha ngozi umbo. Funga mpini na sehemu ya juu ya bapa kwa mfuko wa plastiki ili chuma kisishike kutu. Lowesha ukanda kwa maji, ufunge kwenye mpini, uache usiku kucha kivulini. Asubuhi utakuwa umeshika umbo la mpini.

Mahali ambapo vifungo vya chuma havipatikani, kata kipande cha ngozi chenye umbo la pembe tatu, ukiviringishe kiwe kama kijiti kinene, ukishone upande mmoja wa ukanda. Upande wa pili ukate mpasuo wa kukipitisha. Ni kifungo cha ngozi tupu, hakina kutu, na kinashika vizuri. Kasoro yake ni kwamba kinahitaji mikono miwili kukifungua.

Jaribu kabla ya kukabidhi

Tumejiwekea utaratibu kwamba ala haitoki mikononi mwa kikundi bila majaribio matatu. La kwanza, panga likiwa ndani na ukanda umefungwa, tunaigeuza ala kichwa chini juu ya mchanga, tukiwa tumesimama mbali, na kuitikisa mara kumi. La pili, tunaifunga kwenye kereja ya baiskeli na kuisukuma kwenye njia mbovu. La tatu, tunailowesha ala na kurudia jaribio la kwanza. Hili la tatu ndilo ambalo ala zetu za mwanzo zingeshindwa, na ndilo ambalo hatukulifanya.

Matumizi na utunzaji

Ukanda hautasaidia kama mtumiaji hajui desturi yake. Kwa hiyo kila anayepokea ala anaelezwa mambo yafuatayo:

- Fungua ukanda kabisa kabla ya kuvuta panga, na mikono yake iwe pembeni, isiwe kwenye njia ya makali.
- Unapolitoa au kulirudisha panga, usiishike ala kwa kuizungushia vidole upande wa mshono. Makali yanaweza kuukata mshono na kuvifikia vidole.
- Futa panga kabla ya kulirudisha. Majimaji ya majani na matope huozesha uzi.
- Funga kifungo kila mara, hata kama unasogea hatua chache tu.
- Usiibebe ala kwa kuushika ukanda.
- Ikilowa, ianike kivulini. Jua kali na moto wa jikoni huikausha ngozi ikavunjika.
- Usilaze panga ndani ya ala yenye unyevu. Dawa ya magome iliyo kwenye ngozi ikikutana na chuma na maji huacha madoa meusi, na panga hushika kutu.
- Pakaa mchanganyiko wa nta ya nyuki na mafuta kidogo kila baada ya miezi michache. Mafuta yakizidi, ngozi hulegea.
- Ukanda ukionyesha ufa kwenye mkunjo, ubadilishe. Usingoje ukatike.

Pamoja na hayo yote, ajali inaweza kutokea. Mtu akikatwa, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia, inua kiungo kilichoumia, mpeleke kituo cha afya. Jeraha la panga lenye udongo linaweza kuleta pepopunda, hata kama ni dogo. Mwelezeni mhudumu kwamba jeraha lilikuwa na udongo, na muulize kuhusu chanjo. Msipake majivu wala samadi.

Gharama, na nani aliyelipa

Ngozi huuzwa kwa futi ya mraba. Futi moja, yaani kama sentimeta 30 kwa 30, inatoa vipande 12 vya upana wa sentimeta 2.5, na kila kipande kinatosha ukanda mmoja. Mabaki yanafaa kwa vifungo vya ngozi na vipande vya kufunikia ribiti. Kwa hiyo kamati inayotaka kufanya hesabu ichukue bei ya futi moja mahali ilipo, igawe kwa 12, iongeze bei ya kifungo na uzi. Mtagundua kwamba ukanda ni sehemu ndogo sana ya gharama ya ala.

Hilo ndilo linalotuuma. Hatukuuacha ukanda kwa sababu ya kukosa fedha. Tuliuacha kwa sababu tulikuwa tukihesabu ala ngapi zimetoka, na ala isiyo na ukanda inahesabika sawa na yenye ukanda.

Katika kikao cha kikundi baada ya ajali kulikuwa na mjadala mrefu. Wapo waliosema kwamba mnunuzi alinunua alichokiona, na ala za zamani zibaki zilivyo. Wengine walisema kuwa jina la kikundi ndilo mtaji wake. Mwishowe kilikubaliwa kwamba ala zote zilizouzwa ziitwe, na ziwekwe ukanda bila malipo. Tangazo lilitolewa kanisani na kwenye jumuiya, na mafundi walikaa siku za gulio wakisubiri wanaorudisha. Gharama hiyo ilitoka kwenye akiba ya kikundi. Fedha za wahisani hazikutumika, na tunaona ni haki kulisema hilo wazi.

Siyo ala zote zimerudi. Nyingine ziko kwa vibarua waliohama na hatujui waliko. Tunaendelea kutangaza.

Tunachowaomba

Kwa kamati za parokia: kama mna kikundi cha ngozi, mkionyeshe makala haya na mkae nacho kuangalia ala zinazotoka. Kama hamna kikundi, fundi viatu yeyote wa sokoni anaweza kuifanya kazi hii akielezwa vizuri. Wanaotaka kujifunza zaidi wanaweza kuuliza ofisi ya SIDO ya mkoa, au Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambako ufundi wa ngozi unafundishwa. Na kwa yeyote aliye na ala yetu ya zamani isiyo na ukanda, tunamwomba airudishe. Hatauliziwa risiti.

Kwa wahisani: mnapopokea taarifa inayosema vitu vingapi vimetengenezwa, tuulizeni pia vinafanyaje kazi siku ya mvua, kwenye mteremko, juu ya baiskeli. Swali hilo halitatuudhi. Laiti tungeulizwa mapema.

Yule baba aliirudishiwa ala yake ikiwa na ukanda. Aliufunga na kuufungua mara kadhaa mbele yetu, kisha akampa mwanawe naye ajaribu kuivuta panga likiwa limefungwa. Mtoto alivuta kwa nguvu zake zote, na panga halikutoka.